Uanze na ipi: The Housemaid au The Silent Patient?

Ndugu yangu, umeuliza uanze na ipi kati ya riwaya mbili za taharuki, The Silent Patient ya Alex Michaelides, iliyotoka mwaka 2019, na The Housemaid ya Freida McFadden ya mwaka 2022, na kama kweli zinastahili sifa zinazomiminiwa. Anza na ya McFadden. Taharuki yake imejengwa juu ya kitu kidogo unachokiona kwa macho: Millie, mtumishi wa ndani aliyetoka gerezani, anapewa chumba cha darini ambacho mlango wake hufungwa kwa nje, na tangu hapo kila tabasamu la mwajiri wake linakutia shaka. Lugha ni nyepesi mno, nakiri, lakini sura zake fupi zilininyima usingizi.

Wazo la Michaelides ndilo ninalolipenda zaidi, yaani mchoraji Alicia anayempiga mumewe risasi tano kisha asitamke tena neno, ingawa wahudumu wa hospitali ya wagonjwa wa akili anakowekwa wamechorwa juu juu, kana kwamba wamewekwa kutupoteza njia tu. Hata hivyo, nilipomaliza nilirudi kurasa za mwanzo kukagua, nikakuta dalili za ule mwisho zilikuwepo. Tafadhali usisome muhtasari wake popote kabla hujaifungua.