Nyati wa Custer si ng'ombe wa zizini

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, siku hizi tunaishi Sioux Falls, South Dakota. Katikati ya Agosti familia mbili tunataka kukodi van kubwa twende Custer State Park siku tatu. Tutazunguka na gari kuangalia wanyama, na siku nyingine tutatembea kwa miguu na watoto. Shemeji yangu aliyekwenda mwaka juzi anasema nyati wa kule, hawa wanaoitwa bison, ni kama ng'ombe tu, kila mwaka wanaswagwa zizini na kuchanjwa, na yeye alipiga picha hatua kumi kutoka kwa dume. Mimi nimekua nikichunga, ng'ombe nawajua. Tukiwakuta njiani tukiwa kwa miguu, tuwapite vipi? Na ninunue dawa ipi ya kupuliza, ya kuwafukuzia?
Baba wa watoto watatu, Sioux Falls

JIBU: Marahaba. Shemeji yako sijawahi kumwona, lakini kila kiangazi nakutana naye. Leo amevaa jezi ya Yanga, kesho ametoka Nakuru, kesho kutwa ni Mmarekani wa Ohio mwenye kamera ya bei mbaya. Maneno yao ni yale yale: wametulia, wamezoea watu, wanachanjwa, nilisimama karibu na hawakunifanya kitu. Nimesomea wanyamapori katika chuo cha Mweka na sasa kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu katika milima ya Black Hills, na sijui hoja nyingine inayonichosha kama hii.

Hilo la kuswagwa na kuchanjwa ndilo linalowapoteza hata watu wenye akili zao. Ni kweli. Kundi la Custer lilianza na nyati 36 walionunuliwa mwaka 1914, na leo wakati wa kiangazi hufika kama 1,400. Hifadhi ina uzio na majani yana kikomo chake, kwa hiyo kila mwisho wa Septemba kundi hukusanywa, ndama wanachanjwa na kupigwa chapa, na wa ziada wanauzwa. Lakini nenda kawaone wakikusanywa. Utakuta wapanda farasi waliozoea kazi hiyo, pikapu zinafuata nyuma, watazamaji maelfu wamewekwa mbali ng'ambo ya uzio, na zizi lenyewe ni la vyuma. Wewe kule Kongwa ng'ombe ulimswaga kwa fimbo na mluzi. Mnyama anayehitaji farasi, pikapu na vyuma ili aingie zizini hajafugwa. Amezidiwa nguvu tu, na akiachiwa anarudi porini akiwa yule yule, tena ana alama ya chuma cha moto mwilini.

Na huko kuwajua ng'ombe, samahani nikuseme, ndiko kunakoniogopesha zaidi kwako kuliko kwa mtu wa mjini. Ng'ombe unayemjua ni kizazi cha ng'ombe walioachwa waishi kwa sababu walikuwa wapole. Mkali alichinjwa kwenye harusi ya kwanza iliyopatikana. Wazee wetu wamefanya uchujaji huo kwa maelfu ya miaka bila kuuita jina. Nyati wa Marekani hakuchujwa hivyo. Macho yako yatakuonyesha pembe, kwato na kucheua, mkono utatafuta fimbo, na mwili wako utasogea kama ulivyozoea kusogea. Mtu wa mjini angalau anaogopa.

Sasa huo utulivu. Dume lililokomaa linafika kilo 900. Mnyama wa namna hiyo hana sababu ya kukimbia kila anachokiona, anasimama. Anacheua, anapiga mkia kufukuza nzi, anakutazama kwa jicho moja la pembeni kama hakuoni. Watu hudhani hapo amewakubali. Ukweli ni kwamba bado anapima, na wewe ndiye unayempunguzia nafasi ya kupima kila unaposogea hatua. Akiamua, anakimbia kama kilomita 55 kwa saa, na anaanza ghafla kutoka pale pale aliposimama. Hakuna binadamu, hata yule bingwa wa Olimpiki, anayeweza kumkimbia.

Kuna pia suala la gari. Nyati wa Custer wamezoea magari kwelikweli: wanasimama katikati ya lami, wanajikuna kwenye vioo vya pembeni. Wamezoea gari kama kitu kimoja, chenye umbo lake na kelele zake. Mlango ukifunguka na kitu chenye miguu miwili kikatoka, umbo limebadilika na mazoea yamekwisha. Kwetu Serengeti jambo hili halimsumbui mtu kwa sababu kushuka kumekatazwa, labda sehemu maalumu. Custer inaruhusu kushuka, kutembea, hata kupita kwenye nyasi zile zile wanazolisha. Wageni wanaichukua ruhusa hiyo kana kwamba mnyama naye ametia saini.

Halafu umesema katikati ya Agosti. Kuanzia katikati ya Julai hadi mwishoni mwa Agosti ndiyo majira ya kupandana. Madume ambayo miezi mingine hukaa pembeni, kila moja na lake, sasa yamo ndani ya kundi. Utayasikia kabla ya kuyaona: ngurumo nzito ya kooni inayobebwa na upepo kutoka ng'ambo ya kilima. Dume linagaagaa kwenye shimo la vumbi ambalo limelikojolea lenyewe, linainuka na udongo umeganda kwenye nundu, na linamfuata jike mmoja kama kivuli siku nzima, bila kula vya kutosha. Ukipita kati ya hao wawili, hata mita sitini, umeingia kwenye ugomvi usioujua. Wakati huo huo majike wana ndama wa Aprili na Mei, na mama mwenye ndama hahitaji majira.

Haya siyo ya kutunga. Agosti 2020, hapo hapo Custer, mwanamke mmoja aliyekuja kwa pikipiki alimsogelea ndama. Nyati mkubwa alimjia, pembe ikanasa kwenye mkanda wa suruali, akazungushwa hewani mpaka suruali ikavuka. Alipona, na video ikazunguka dunia watu wakicheka. Yellowstone, mwaka 2015, watu 5 walijeruhiwa na nyati ndani ya miezi michache, na wote walikuwa wamevuka umbali wa mita 23 uliowekwa na sheria ya hifadhi ile. Baadhi yao walikuwa wamempa mnyama mgongo ili wapige selfi. Hakuna mnyama aliyejeruhi watu wengi Yellowstone kuliko nyati. Dubu hamfikii.

Kwa hiyo dawa ya kupuliza. Wauzaji wa mtandaoni wamefanya biashara nzuri na kopo hilo, na kila wiki naulizwa ipi nzuri. Ile ni pilipili kali iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, na inafika mita saba hadi tisa hewa ikiwa imetulia. Black Hills upande wa nyasi hewa haitulii. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 55 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde. Mita tisa zake anazimaliza kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na hapo bado kopo liko kiunoni, kifuniko hakijatoka, na mtoto amekushika mkono ule ule unaouhitaji. Usinunue. Anayekuambia kopo litakuruhusu upite mita kumi kutoka kwa dume anakuuzia ujasiri, na ujasiri ndio ulioleta balaa lote hili.

Hela hiyo nunua darubini ya kukuza mara nane. Mnyama aliye mita 90 utamwona kama yuko mita kumi na moja, yaani zile hatua kumi za shemeji, bila kumsogelea. Wageni wangu huwaweka yadi 100, kama mita 91, na nasema hivyo nikijua kwamba hata hizo kwa nyati ni sekunde sita tu. Kwa watoto kuna kipimo wanachokipenda: nyosha mkono, funga jicho moja, inua kidole gumba. Kikimfunika nyati mzima, mko sawa. Kama kichwa au makalio yanachungulia pembeni mwa kidole, mnarudi nyuma.

Mkiwakuta kwenye njia, jibu ni kwamba hamwapiti. Mnageuka taratibu bila kelele, watoto katikati, mnarudi mpaka kidole kimfunike tena. Mnasubiri. Wakiondoka ndani ya nusu saa, vizuri. Wasipoondoka, mmepata sababu ya kula mapema. Kama nyasi ni wazi na mnaona mbali, mnaweza kuzunguka kwa umbali ule ule, lakini si kukata kati ya nyati mmoja na kundi lake, na si kushuka korongo ambalo hamuoni upande wa pili. Mkia ukisimama wima kama mpini, ardhi ikaparuliwa, kichwa kikatikiswa, mlishachelewa. Kuna mabingwa wa video wanaofundisha watu kusoma mkia ili wajue wakati wa kukimbia. Mkia uwaambie kitu gani, wakati kukimbia hakutawasaidia? Hapo ni mti mnene au mwamba wa kujificha nyuma yake, kama upo.

Na njia nyepesi zaidi ni kupanga safari ili wanyama na miguu visikutane sana. Kundi kubwa hukaa nyanda za kusini. Huko pitieni Wildlife Loop Road, kama kilomita 29, mkiwa ndani ya gari, alfajiri kabla jua halijachoma au jioni. Mtaona pia pronghorn, anayefanana na swala na ambaye kwa mbio hana mpinzani upande ule wa dunia, na vile vijinyama vya jamii ya kindi vinavyopigiana mluzi kwenye mashimo. Msivilishe, viroboto vyao vinaweza kubeba tauni. Matembezi yafanyeni kaskazini kwenye miamba. Njia ya kutoka Sylvan Lake hadi kilele cha Black Elk, mita 2,207, ni kama kilomita 11 kwenda na kurudi, na juu kuna mnara wa mawe uliojengwa miaka ya 1930 ambao watoto hawatausahau. Anzeni mapema mno. Alasiri za kiangazi radi hupiga pale, na kilele cha mawe si mahali pa kusubiri mvua ipite.

Hiyo van ipimeni upana pamoja na vioo vyake kabla ya kuingia Needles Highway: handaki la Needles Eye lina futi 8 hivi tu. Na angalieni tarehe za mkutano wa pikipiki wa Sturgis, maana mwanzo wa Agosti barabara zote za huko hujaa, na foleni ya pikipiki mia iliyosimama kando ya kundi la nyati si mahali pa kushusha watoto.

Naandika haya nikijua si ya Custer peke yake. Nyumbani wapo wanaokuambia kiboko aliyelala majini Naivasha hana habari na wewe, na wapo wanaozungusha baiskeli Hell's Gate mpaka pua za mbogo kwa sababu jana mwenzao alipita salama. Aliyepita salama ndiye anayerudi kutoa ushauri, na yule aliyepigwa pembe yuko wodini, hana video. Kila picha ya karibu mnayoisambaza kwenye makundi ya WhatsApp inamfundisha mtu mwingine umbali usio sahihi. Na madereva wetu wa safari, baadhi yao, wamegeuza ukaribu kuwa bidhaa: wanaacha njia, wanamzingira duma au wanamsukumia tembo gari mpaka masikio yake yanafunguka, wageni wanashangilia, bahashishi inaongezeka. Mnyama analipa kwa kukosa kula, kukosa kuwinda, na siku akichoka analipiza kwa gari linalofuata, lenye watu wasio na kosa. Ukiwa na dereva wa namna hiyo, mwambie arudi nyuma. Akijifanya hasikii, usimpe kitu, andika namba ya gari, na mkifika getini mkabidhi askari wa hifadhi.