Maalim Anajibu: Kijana ameniletea barua, nitie saini tu?

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Nina shamba dogo la mikarafuu huku Mtambwe. Misimu miwili iliyopita mtoto wa shemeji yangu alinishikia daftari la wachumaji. Sasa anaomba kazi ya stoo katika hoteli moja Unguja na anataka barua ya mapendekezo kutoka kwangu. Ameniletea ishaandikwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza sikijui. Muhuri pia sina. Nitie saini, au nimpeleke kwa sheha? Na jengine: asubuhi alikuwa mzito kuamka. Niliseme hilo?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, Bibi. Usitie saini.

Simwiti kijana wako mjanja. Ndivyo wanavyofanya wengi siku hizi: barua wanaitoa kwenye intaneti, wanabadilisha jina. Nimekaa kwenye usaili na nimezisoma. Zote zinamsifu mtu yule yule, mchapakazi, mwaminifu, anayeshirikiana na wenzake, na ukimaliza humjui mwombaji ni nani. Meneja akikupigia simu akauliza juu ya aya ya pili, utamjibu nini?

Sheha mwache kwanza. Barua yake ni ya utambulisho, kwamba huyu ni mkaazi wa shehia hii. Hoteli ikiitaka, kijana ataifuata mwenyewe. Lakini sheha hakuwapo uani kwako jioni wachumaji wakipima pishi zao. Wewe ulikuwapo, na kwa hilo barua yako inafaa hata bila muhuri. Jina kamili, saini, tarehe na namba ya simu vinatosha.

Sasa ikumbuke jioni yenyewe. Watu wamechoka, karafuu mbichi zimejaa, kila mchumaji anazijua pishi zake na hakubali kupunjwa hata kidogo. Kijana alipima, akaandika, nawe ukalipa kwa daftari lake. Palizuka ugomvi? Na zilipokauka zikapelekwa kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, uzito ulikuwa ule ulioutarajia? (Karafuu hupungua sana juani. Mwenye mkono mrefu hujificha hapo hapo.) Meneja anatafuta majibu ya maswali hayo, kwa sababu kazi ya stoo nayo ni kupokea, kupima, kuandika na kutoa. Basi andika hivi, ikiwa ndivyo ilivyokuwa:

"Alinishikia daftari kwa misimu miwili. Kila jioni alipima pishi za kila mchumaji mbele yake mwenyewe, akaziandika, nami nikalipa kwa hesabu yake. Hakuna mchumaji aliyerudi kudai."

Kama yupo aliyerudi kudai, eleza kijana alivyolimaliza jambo lile. Msomaji ataamini zaidi.

Udugu utaje mwanzoni kabisa: "Ni mtoto wa shemeji yangu, nami nilimwajiri." Pemba nani si ndugu wa nani? Ila meneja akija kuligundua mwenyewe, hata yale ya kweli atayatilia shaka. Kijana atafute na barua ya pili kwa mwalimu wake wa skuli, asiye na damu naye.

Kuamka. Hulazimiki kutaja kila kasoro ya mtu, lakini usiandike kwamba anawahi kazini. Ukiulizwa kwenye simu, sema kweli. Na umwambie kijana mapema kwamba utaulizwa, maana samaki na mboga za hoteli huweza kufika alfajiri na mwenye funguo ndiye anayezipokea. Kheri alisikie kwako.

Andika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja usizidi: anuani yako, tarehe, anuani ya hoteli, kisha YAH na jina lake na kazi anayoiomba. Mwambie akuletee tangazo la kazi ulisome kabla hujashika kalamu. Ikiwa wanataka Kiingereza, mwalimu aifasiri, halafu akusomee kwa Kiswahili kila alichokiandika, ndipo utie saini. Ipige picha ibaki kwenye simu yako. Meneja anaweza kukupigia baada ya mwezi mzima, na atakuwa ameishika barua mkononi.