Unahama Tanga kwenda Dodoma: utakachokikosa na kinachobebeka

Mkuu, umesema umekulia Ngamiani na sasa unahamia Dodoma kikazi, ukauliza waliotangulia wanakosa nini zaidi na wewe ujipange vipi. Wengi watakujibu bahari. Ni kweli, ila upepo wa jioni pale Raskazone haubebeki, wala uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union anapokutana na African Sports. Hayo utayafuata likizo. Kinachouma kila siku ni chakula, na huko maandalizi yanasaidia sana, kwa hiyo nitakaa jikoni zaidi.

Nazi kwanza. Dodoma zipo sokoni, lakini zimesafiri na nyingi zimefuliwa zamani. Kabla hujalipa, itikise karibu na sikio: maji yasikike yakicheza, na iwe nzito mkononi. Nyepesi iliyo kimya imekauka, ndani utakuta nyama inanuka mafuta yaliyochacha. Kagua macho matatu, yawe makavu bila ukungu. Hapo ndipo uozo unapoanzia. Ukitoka na zako Tanga, chukua zenye makumbi. Zinakula nafasi kwenye gunia lakini ukiziweka kivulini zinakaa hata miezi miwili. Zilizofuliwa hesabu wiki mbili au tatu, acha kishungi cha makumbi kifunike macho, na usiziweke juani maana zitapasuka.

Mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kukamulia tui usiviache. Blenda inasaidia, ila lazima uchuje kwa kitambaa, la sivyo mchuzi unakuwa na chembe. Nazi moja kubwa itie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, robo lita hivi, fikicha dakika mbili tatu, kamua: hilo ndilo tui zito. Rudia kwa vikombe viwili upate jepesi. Hapo kwenye vuguvugu usipapuuze. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo Tanga hulioni mara nyingi. Asubuhi ya Juni au Julai Dodoma ni baridi, na ukikamua kwa maji ya bomba mafuta yanabaki kwenye machicha. Watu wanalaumu nazi kumbe ni maji.

Tui kukatika kuna sababu mbili kubwa: moto mkali na uchachu. Pikia kwa tui jepesi mpaka chakula kiive, tui zito litie mwisho, punguza moto, koroga taratibu upande mmoja na sufuria iwe wazi. Likitokota kidogo tu, epua. Ndimu, ukwaju au embe bichi vitangulie kwenye tui jepesi, au ndimu uikamulie mezani. Ukitaka akiba, gandisha tui kwenye mifuko midogo, kila mmoja kipimo cha kupikia mara moja. Likiyeyuka litakuwa limejitenga. Lichanganye tena kwa blenda, kisha lipikie wali au maharage. Kwa samaki wa kupaka kamua jipya.

Mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa ambacho Mtanga akikikosa siku inaanza vibaya, na Dodoma vyote viwili vinasumbua mwanzoni. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mbaazi zinachelewa kuiva. Ziloweke usiku kucha na umwage yale maji. Chumvi tia zikishalainika. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi au chokaa, zinaweza kubaki ngumu hata ukichochea moto mchana kutwa. Tafuta maji yasiyo na chumvi wala chokaa ya kupikia, au nunua sufuria ya presha na yaishe. Unga wa mahamri nao unateswa na hewa kavu: juu unafanya ngozi, na yakiingia kwenye mafuta hayafuri sawasawa. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, na miezi ya baridi uupe muda mrefu zaidi.

Sasa samaki. Dodoma utapata perege wa Mtera, na sato na sangara wa Ziwa Victoria. Perege mbichi wa kupaka anakubalika kabisa, mjaribu kabla hujamdharau. Lakini hamu ya changu au kolekole haiondoki kwa perege, kwa hiyo muhimu ni kujua kuagiza. Mtu wako wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, akupe taarifa kwa kufuata mwezi: dagaa na vibua wanaovuliwa kwa taa hupatikana zaidi siku za giza, na pweza ni siku za bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali. Kusi likivuma sana katikati ya mwaka vyombo vidogo haviendi mbali, samaki wanapungua na bei inapanda. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni wakati mzuri wa kuagiza.

Njia kupitia Segera, Chalinze na Morogoro ni karibu kilomita 600, kwa hiyo ufungaji ndio kila kitu. Samaki atolewe matumbo na mashavu asubuhi ileile. Deli liwe na tundu chini: barafu iliyopondwa, samaki, barafu tena, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Tundu linatoa maji yanayoyeyuka. Samaki akilala kwenye maji safari nzima nyama inakuwa kama sponji. Mfuniko uzungushiwe utepe wa gundi, na deli lisikae karibu na injini. Usafiri wa usiku ni bora.

Jodari, nguru na vibua wana hatari yao. Wakikaa bila barafu hata saa chache, nyama inatengeneza sumu inayowasha mwili, inapasua kichwa na kufanya uso uwe mwekundu. Kupika hakuiondoi, na samaki anaweza asinuke. Kama huna uhakika na barafu, agiza changu au tasi, au hao watatu wakaangwe wakauke huko huko wangali wabichi. Waliokaangwa wapoe kabisa kabla ya kufungwa kwenye karatasi. Wakifungwa na joto wanatoa jasho na kesho yake wana utelezi. Papa ng'onda ndiye anayesafiri bila masharti. Akunjwe: akipinda kama ngozi bado ana maji ndani. Loweka, badilisha maji mara mbili tatu, ndipo umtie tui.

Baiskeli usiiuze. Tanga tambarare imetuzoesha kwenda kila mahali kwa pedali, kutoka Makorora hadi Chumbageni bila kuwaza nauli. Dodoma umbali ni mkubwa zaidi lakini mtaani bado inafaa. Adui ni mbigili. Weka tairi nene, beba viraka, gundi na pampu, na ukibandika kiraka pitisha kidole polepole ndani ya tairi, kwa sababu mwiba uliobaki utatoboa mpira tena kabla hujafika. Mnyororo uliozoea chumvi ya bahari sasa utakutana na vumbi: acha grisi, tumia mafuta mepesi matone machache, futa yaliyobaki kwa kitambaa.

Vyombo vya mbao vitalegea viungo msimu wa kwanza wa kiangazi kwa sababu mbao zinasinyaa. Usikimbilie kupigilia misumari. Subiri zitulie, kisha fundi afungue viungo na kuvitia gundi upya. Mikeka ya ukindu inakuwa mikavu na kukatika kwenye mikunjo, hivyo inyunyizie maji kidogo kabla ya kuihifadhi, na uiviringishe badala ya kuikunja mara nne.

Kahawa ya baraza utaikosa, na hapa sikudanganyi: kahawa yenyewe utaipika, wazee wa kubishana nao hutawapata haraka. Nunua buni mbichi, kaanga kidogo kidogo za wiki moja, twanga na tangawizi kavu. Kisha toa mkeka nje baada ya Alasiri, weka vikombe vinne, hata kama uko peke yako. Majirani Dodoma ni wakaribishaji, lakini wengi watasubiri uwaite.