Watoto wakijichagulia vitabu wanafunua kurasa tu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano, watoto wamezidi 70, vitabu vya hadithi kama 40 hivi. Ijumaa kila mtu anachagua cha kusoma ila wanagombania vyenye picha, wengine wanafunua kurasa tu mpaka kengele. Nirudi kuwapangia?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usirudi kuwapangia, tafadhali. Kuchagua kitabu nako kunafundishwa, mtoto ambaye kwao hamna kitabu zaidi ya madaftari anaangalia jalada na picha maana ndo anachokijua.

Wafundishe kutumia vidole. Afungue ukurasa wa katikati, asome kimoyomoyo, kila neno asilolijua akunje kidole kimoja, mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha basi kitabu bado kigumu kwake, akirudishe achukue kingine na wala asigombezwe. Utakuta wengi wa hao wanaofunua kurasa sio wavivu, kitabu kimewazidi na wanaona aibu kusema. Kaa na mmoja mmoja pembeni, akusomee mistari miwili mitatu kwa sauti ndogo, utajua tu.

Na vyenye picha waache wasome jamani! Mtoto wa la tano akimaliza kitabu cha la pili amesoma, kesho atataka kirefu zaidi.

Kugombania kunaisha ukigawa vitabu kwenye maboksi, kila kundi la madawati na boksi lake lenye vitabu vichache vya ugumu tofauti, wasome wawili wawili, wiki ijayo maboksi yanahama. Vikipungua, African Storybook wana hadithi fupi za Kiswahili bure mtandaoni, zimepangwa kwa ngazi 5 kuanzia maneno machache kwa ukurasa, leseni yao inaruhusu kuprinti na kutoa kopi, kwa hiyo hata stationery ya mtaani wanakutolea.

Halafu Ijumaa peke yake haitoshi, dakika 10 kila siku ni bora kuliko kipindi kizima mara moja kwa wiki. Kabla hawajaanza chukua kitabu ambacho hamna anayekigusa, wasomee kwa sauti ukurasa mmoja, katisha pale panaponoga, uone kitakavyogombaniwa. Na wakisoma na wewe soma, usisahihishe madaftari.

Mwishoni waandike jina la kitabu na ukurasa waliofikia, basi. Ukianza kudai muhtasari kila siku watachagua kile chembamba kuliko vyote.