Nyasi zake, jasho langu: maswali yenu kuhusu makubaliano ya kukata nyasi

Mvua ndefu zikikatika, mashine za kukata nyasi huanza kunguruma Kajiado, Laikipia na Naivasha, na barua zenu hufuata. Nyingi zinahusu jambo moja: mwenye shamba ana nyasi lakini hana ng'ombe wala trekta, mfugaji ana ng'ombe lakini shamba lake ni dogo, wakapeana mkono langoni na kazi ikaanza. Mimi si adui wa makubaliano ya mdomo. Yamelisha mifugo wengi katika nchi hii. Kinachoniuma ni majirani wanaoacha kusalimiana kwa sababu ya jambo ambalo wangelizungumza kwa dakika kumi kabla mashine haijaingia shambani.

Nina ekari nane Isinya lakini kazi yangu iko Nairobi. Jirani hukata nyasi za boma rhodes humo kila mwaka bila kulipa, anasema ananisaidia kuzuia moto. Mke wangu anahofia kwamba siku moja atadai shamba. – Baba Wanja

Hofu ya mkeo ina msingi, Baba Wanja, ila dawa ipo na haina gharama. Sheria ya Kenya inampa mtu nafasi ya kudai ardhi aliyoikalia waziwazi kwa miaka 12 mfululizo bila ruhusa ya mwenyewe. Ukimpa ruhusa, dai hilo linakosa miguu. Tena anayekuja kukata na kuondoka hajalikalia shamba, tofauti na aliyejenga, akazungusha ua na kulima.

Unachokosa wewe ni ushahidi. Mwandikie ujumbe wa simu kila msimu: unamruhusu kukata nyasi katika shamba lako namba fulani, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na ruhusa inaishia hapo. Akijibu kwamba amekubali, hifadhi ujumbe huo. Mwandikie kwa heshima, kwani huyo jirani anakufanyia kazi ya kweli. Shamba lenye nyasi kavu za kufika kiunoni mwezi wa Februari huungua kwa kijiti kimoja cha kiberiti.

Mzee, tulikubaliana nusu kwa nusu. Nimekata, nimegeuza, nimefunga, nimelipa vibarua na kamba. Marobota 400 yalipokuwa tayari, mwenye shamba alileta lori akabeba 200. Nimebaki na nini? – Kijana wa Laikipia

Umebaki na kidogo sana, kijana wangu, na swali lako ndilo linalonifikia mara nyingi kuliko yote. "Nusu kwa nusu" ni maneno matamu yasiyosema nusu ya nini. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme robota moja linauzwa Sh200 pale shambani, na kulikata hadi kulifunga kunagharimu Sh90. Marobota 400 ni Sh80,000, gharama ni Sh36,000. Mkigawana marobota kama mlivyofanya, wewe unapata ya Sh40,000, unatoa gharama, mkononi inabaki Sh4,000. Yeye ana Sh40,000 nzima. Mngetoa gharama kwanza, kila mmoja angepata Sh22,000.

Sisemi kwamba alikuibia. Yeye alielewa vyake na wewe ukaelewa vyako, na kwa maneno mliyotamka, hakuna aliyedanganya. Rudi kwake na hesabu hii kwenye karatasi, bila kelele, umwonyeshe. Wengi hawajui gharama ya kufunga robota kwa sababu hawajawahi kuilipa.

Kwa msimu ujao, maoni yangu ni haya: acha kugawana, mlipe mwenye shamba kiasi maalumu kwa kila robota linalotoka. Kwa mfano huohuo, ukimpa Sh50 kwa robota, yeye ana Sh20,000 bila kununua hata kamba, na wewe unabaki na Sh24,000. Wewe ndiwe unayebeba hatari ya mashine kuharibika na bei kuanguka, kwa hiyo si dhambi ukipata zaidi kidogo. Hesabuni marobota pamoja, shambani, kabla lori halijapakia. Kubalianeni pia ukubwa wa robota: la kilo 12 na la kilo 20 yote huitwa robota, na hapo ndipo ugomvi mwingine huzaliwa.

Je, makubaliano ya mdomo ya kununua nyasi zilizosimama shambani yana nguvu kisheria?

Yanaweza kuwa nayo. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kitu kilichoota ardhini ambacho mmekubaliana kikatwe na kuuzwa kinahesabiwa kuwa bidhaa, kwa hiyo hujanunua ardhi wala hujaikodi. Lakini bidhaa ikiwa ya Sh200 au zaidi, huwezi kudai mahakamani ila kama mnunuzi amepokea sehemu ya mali, au ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yenye saini ya unayemdai. Kwa hiyo toa arbuni, hata Sh1,000, kwa M-Pesa, ili tarehe na jina vibaki kwenye rekodi. Mkishindwa kuelewana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Niliyempa nyasi alichelewa mwezi mzima. Zikakomaa, zikawa ngumu, kisha mvua ikazinyeshea zikiwa zimelala chini. Sasa hataki kulipa, anasema ni kazi ya Mungu. – Mama Chebet, Uasin Gishu

Pole sana, mama. Mvua ni ya Mungu, lakini mwezi alioupoteza ni wake. Boma rhodes hukatwa inapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zikomae, protini inakuwa imeshuka na ng'ombe anakula mabua. Kama mlitaja tarehe naye akaipitisha, mdai. Kama hamkutaja, itakuwa vigumu, na ningekushauri mpatane kwa nusu ya bei kuliko kupoteza yote pamoja na jirani. Mwaka ujao mwambie wazi: usipokuja ndani ya siku kumi na nne tangu nikuite, namwita mwingine.

Msimruhusu mtu kufunga nyasi mbichi ili kuwahi mvua. Robota lenye unyevu hupata joto ndani, huota ukungu, na ghala zima linaweza kushika moto. Katakata konzi ya nyasi, tia kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, zigeuze tena juani.

Nimeuza nyasi kwa miaka mitano na kila mwaka marobota yanapungua. Mkataji ananiibia?

Huenda haibi robota hata moja. Anachobeba ni shamba lako, na analibeba kwa idhini yako. Nyasi kavu zenye protini ya asilimia 8 huondoka na takriban kilo 13 za naitrojeni kwa kila tani, kiasi kilichomo katika mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya CAN. Marobota 400 ya kilo 15 ni tani sita. Hiyo ni mifuko sita kila mavuno, bila kuhesabu potasiamu, ambayo CAN haina kabisa. Ng'ombe akila malishoni hurudisha sehemu kubwa kwa kinyesi na mkojo. Lori halirudishi kitu.

Kwa hiyo samadi iingie kwenye makubaliano kama malipo, si kama hisani. Kama mkataji wako ni mfugaji, lori lake linalokuja tupu kuchukua nyasi lije na samadi. Ningekubali bei ndogo kwa robota kutoka kwa mtu wa namna hiyo kuliko bei kubwa kutoka kwa mchuuzi ambaye sitamwona tena.

Shamba ni la marehemu baba, Nyandarua, na mirathi haijakamilika. Kaka mkubwa amekwisha kupokea pesa za nyasi. Nimwambie mkataji asiingie?

Zungumza na kaka yako kabla ya kumgusa mkataji, ambaye pengine hajui lolote. Kisheria hakuna mrithi anayeruhusiwa kuuza mali ya marehemu kwa jina lake kabla mahakama haijatoa idhini ya kusimamia mirathi, hata akiwa kifungua mimba. Lakini nyasi hazingoji mahakama. Kaeni ndugu wote, mama akiwepo, mwandike karatasi moja yenye saini za kila mmoja kwamba nyasi za msimu huu zikatwe, pesa ziwekwe mahali pamoja, na ziingie kwenye hesabu ya mirathi. Mpeni mkataji nakala. Kama kaka amekwisha kutumia pesa, hilo liandikwe pia, lipunguzwe kwenye fungu lake.