Mwanangu Hasemi, Ila Naona Anaelewa

*Shikamoo Somo. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Alipozaliwa alishikwa na manjano makali, baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Hasemi, na mikono haimtii. Juzi baba yake alikuwa akipanga na nduguye kwenye simu tumpeleke mtoto Pangani akalelewe na bibi yake. Mtoto alilia mpaka usiku. Mama mkwe ananiambia najipa moyo tu, huyu hajui lolote. Nimsikilize nani?*
*Mama wa Makorora, Tanga*

Marahaba mwanangu. Lisikilize jicho lako. Kiasi anachoelewa siwezi kukipima kwa barua, lakini kilio kile hakikuja bure. Manjano yakimzidi kichanga huingia ubongoni na kuumiza hasa sehemu inayoongoza viungo, na ulimi ni kiungo kama mkono. Wapo watoto wengi wa namna hiyo ambao akili zao ni timamu, kinywa tu ndicho kilichowagomea.

Manjano hayohayo huweza kugusa usikivu. Kwa hiyo nenda hospitali ya Bombo ukaombe apimwe masikio, hata kama ukimwita anageuka, kwani anaweza kusikia sauti na maneno yasimfikie sawasawa.

Nyumbani mtafutieni "ndiyo" yake. Tazama ni kipi anachokimudu zaidi, macho au kichwa. Mshikie uji upande huu, muhogo upande ule, vitaje, kisha nyamaza. Ngoja kuliko unavyodhani inatosha, mwili wake unachelewa kutii. Akikitazama kimoja, mpe hichohicho, hata kama unajua hakipendi, maana hapo ndipo atakapoona kuwa uamuzi wake una nguvu. Akizoea, leta picha: baba, choo, naumwa. Na "sitaki" isikosekane, mwanangu. Mtoto asiyeweza kukataa anaonewa na kila mtu.

Usimgeuzie siku nzima kuwa mtihani, pua iko wapi, sikio liko wapi. Anayejua huchoka kuulizwa anayoyajua, hunyamaza, nanyi mkasema hajui.

Akitokea mtu akataka amshike mkono ili mtoto aguse herufi, kataa. Jambo hilo lilichunguzwa sana miaka ya 1990, ikaonekana maneno yalikuwa ya mshikaji bila yeye mwenyewe kujua. Mtoto aelekeze mwenyewe, japo kwa jicho, japo polepole.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe yeye bakuli la uji na muhogo avishike, aone. Mumeo naye akae na mwanawe, amwambie usoni kama safari ya Pangani ipo au haipo. Kuanzia leo asizungumzwe kama hayupo, na wageni waambieni hivyo kabla hawajaketi.

Miaka sita ni umri wa shule, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki hiyo. Nenda idara ya elimu ya Jiji, uulize shule yenye kitengo cha elimu maalumu iliyo karibu nawe. Siku ya kwanza nenda na picha zake, umwoneshe mwalimu jinsi anavyosema ndiyo.