Wanne tulivuta hewa moja, nikaugua TB mimi peke yangu

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba shemeji yako amegunduliwa kuwa na kifua kikuu, kwamba nyumbani mko watu sita, na umeuliza mambo mawili: kwa nini ameugua yeye peke yake, na kama ule mchanganyiko wa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu unaouzwa kwenye chupa utawapandisha watoto kinga ili wasiugue. Nakujibu kwa sababu niliugua TB mwaka 2016 nikiwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Dar es Salaam, na swali lako la kwanza ndilo nililomuuliza muuguzi siku nilipopewa majibu ya makohozi.

Tulikuwa walinzi wanne katika kibanda ambacho dirisha lake tulikuwa tumeliziba kwa boksi ili mbu wasiingie. Mwenzetu wa tano alikohoa humo kwa miezi kadhaa, kisha akaacha kazi kwa kuishiwa nguvu. Hewa tuliyovuta ilikuwa moja, lakini wenzangu watatu walipopimwa hawakuonekana na ugonjwa.

Muuguzi alinifafanulia jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: kuambukizwa vimelea vya TB si sawa na kuugua TB. Takriban robo ya watu wote duniani wamepata maambukizi hayo, na kati yao ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 ambao huja kuugua maishani mwao. Kwa waliobaki, chembe nyeupe za damu huvizingira vimelea ndani ya pafu na kuvijengea kitu mfano wa boma, vikakaa humo miaka na miaka bila kuleta madhara. Boma hilo hulindwa na mwili kila siku, na mwili uliodhoofika hushindwa kulilinda. VVU visivyotibiwa hulibomoa upesi kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana kila mgonjwa wa TB hupimwa VVU. Mimi sikuwa navyo. Nilipopimwa sukari asubuhi kabla ya kula, kipimo kilisoma 14, wakati kuanzia 7 tayari huhesabiwa kuwa ni kisukari.

Sikuwa nimewahi kushuku. Nilikuwa nakojoa mara nyingi nikadhani ni chai ya lindoni, ambayo niliinywa usiku kucha na sukari vijiko vinne kila kikombe. Kisukari kisichodhibitiwa hulegeza chembe zinazopaswa kuvimeza vimelea, na mwenye kisukari hukabiliwa na hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu ya mtu asiye nacho. Juu ya hayo nilivuta sigara paketi moja kwa siku, na moshi huziharibu zile nywele ndogo sana za kwenye njia ya hewa ambazo kazi yake ni kusukuma uchafu na vijidudu kuvirudisha nje. Nilikunywa pombe kali kila nilipotoka lindo, kwa imani kwamba ingenisaidia kulala. Nililala saa tatu au nne za mchana chini ya bati la moto, kisha nikaamka kula mlo mmoja, mara nyingi chipsi kavu.

Kuhusu usingizi nisisitize kidogo, kwa kuwa watu huuona kama anasa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 164 waliokubali kutiwa virusi vya mafua puani baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki nzima. Waliolala chini ya saa sita walipata mafua zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa saba. Mafua si TB, lakini askari wa mwili wanaohusika wanatoka kambi moja.

Lishe nayo ina ushahidi mzito kuliko chupa yoyote ya mitishamba. Katika jimbo la Jharkhand nchini India, familia za wagonjwa wa TB ziligawiwa nafaka, kunde na vitamini, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wanafamilia waliopata chakula hicho waliugua TB pungufu kwa karibu asilimia 40 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Tangawizi na ndimu hulainisha koo na sizipingi, ila fedha ya chupa hiyo ingenunua dagaa, maharage, karanga na mayai, na watoto wangenufaika zaidi.

Naomba pia msimhukumu shemeji. Wapo wasiovuta wala kunywa ambao huugua, na mgonjwa anayeonewa aibu ndiye anayeacha dawa njiani. Mimi nilitibiwa miezi sita: miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Mkojo wa shemeji ukiwa wa rangi ya machungwa asiogope, ni kawaida ya dawa hizo. Mke wangu alinisimamia kila asubuhi nikimeza, nikaacha sigara mwezi wa pili na pombe siku ileile ya majibu, kwani pombe na dawa hizo kwa pamoja huumiza ini. Niliomba kuhamishiwa zamu ya mchana, na mwajiri alikubali baada ya kusoma barua ya daktari.

Kwa watoto, chanjo ya BCG waliyochomwa walipozaliwa huwakinga zaidi na aina kali za TB, kama ile ya ubongo, lakini haizuii kila kitu. Wapelekeni wote kituoni wiki hii, hata asiyekohoa, na aliye chini ya miaka mitano awe wa kwanza. Wakionekana hawana ugonjwa, ulizeni kuhusu dawa za kinga dhidi ya TB. Nyingine humezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12 tu. Leo hii fungueni madirisha ya chumba anacholala shemeji, hewa na jua viingie, na mbu mwazuie kwa chandarua.